Umechoka na Baridi ya Nyambene? Hivi Ndivyo Utapanga Likizo ya Kisiwani Bila Kumaliza Mkwanja Wote wa Miraa

Wacha nianze na aibu yangu ndio ujue naongea kutoka wapi.

Mathe wangu ameuza ndizi na miraa soko la Maua zaidi ya miaka thelathini. Amesomesha watoto wanne na hiyo biashara. Siku moja tukiwa jikoni akasema tu hivi, bila hata kuniangalia: "Nitakufa sijaona bahari." Manze hiyo kitu ilinikaa. Nikaanza kuweka doo kidogo kidogo, na Mei ya mwaka uliofuata nikampeleka Lamu.

Mei. Wale wanajua Pwani tayari wanacheka.

Nilikuwa nimeona bei ya chumba imeshuka karibu nusu nikadhani nimewaweza. Kufika huko, nyumba tuliyokuwa tumelipia malipo ya mwanzo ilikuwa imefungwa, mafundi wanapaka rangi. Tukahamishiwa kwingine. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, mawimbi makali, mabaharia hawataki kutoka. Mathe akakaa dirishani na leso mabegani, akaniambia polepole: "Mwanangu, hii mvua si hata Maua tunayo ya bure?"

Tulirudi nyumbani hajakanyaga maji. Mkwanja umeisha, magoti yanamuuma, na mimi sina la kusema. Hapo ndipo niliamua kujifunza hii mambo vizuri kabla ya kumpeleka tena. Haya ndiyo nimejifunza.

Misimu ni mitatu, si miwili

Wengi wetu tunajua tu msimu wa juu na msimu wa chini. Wa juu ni Desemba mpaka Januari mwanzoni, Pasaka, na Julai na Agosti wakati Wazungu wako likizo na watoto wetu wamefunga shule. Hapo bei iko juu, gari la moshi limejaa, na ukiuliza chumba unaambiwa "hakuna" kabla umalize sentensi.

Wa chini ni Aprili, Mei mpaka Juni mwanzoni. Hiyo ni masika. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi upande wa Lamu na Mombasa. Hoteli kadhaa za Lamu hufunga kabisa kipindi hicho ili kufanya ukarabati. Bei ni chini kwa sababu, si kwa sababu wanakupenda.

Halafu kuna msimu wa katikati, ule ambao watu wa bara hatuuongelei. Huu ndio wenye utamu. Bei haijapanda, hali ya hewa haijaharibika, na watu si wengi. Kwa Pwani yetu, unaingia mara mbili kwa mwaka: Septemba hadi katikati ya Novemba, na tena Februari mwishoni hadi Machi kabla ya Pasaka.

Wapwani walikuwa na jina la hiki kipindi zamani sana kabla mtu yeyote aandike bei kwa intaneti. Wanakiita tangambili, au maleleji. Ni wakati upepo unabadilika, haujaamua uende wapi.

Upepo ndio bosi

Kuna pepo mbili kubwa huko chini. Kaskazi unavuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba mpaka Machi. Huo ndio uliokuwa unaleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi unavuma kutoka kusini-mashariki, takriban Mei mpaka Septemba, na ndio uliokuwa unayarudisha. Nahodha wa zamani hakuwa anaamka tu aseme "leo nimefeel kusafiri". Alingoja upepo wake, hata kama ni miezi.

Kwako wewe unayetaka tu kupiga mbizi na picha, maana yake ni hii:

Wakati wa kusi mkali, Juni mpaka Agosti, jua lipo na joto ni la kuvumilia, lakini bahari inachafuka na maji yanakuwa na ukungu. Boti ndogo inaruka ruka. Kama una mtu mzima au mtoto, hiyo si raha.

Wakati wa kaskazi bahari imetulia na maji yako safi, unaona samaki chini. Lakini Januari na Februari joto ni la kupika chapati. Mtu wa Maua amezoea sweta, jua la Februari linaweza kumlaza.

Katikati, yaani Septemba mwishoni na Oktoba, kusi inachoka, bahari inaanza kulala, joto halijapanda sana. Mvua za vuli kawaida hukuja kati ya Oktoba na Desemba, zikiwa nzito zaidi Novemba, lakini upande wa Lamu huwa nyepesi kuliko Kwale na Zanzibar. Ni mvua ya kupita, si ya kukufungia chumbani siku tatu kama ile yangu.

Kwa hivyo ukiniuliza mwezi mmoja tu, nitakuambia Oktoba. Machi ni ya pili.

Kalenda ya Maua inasemaje?

Sasa hapa ndipo makala nyingi za likizo hutuacha. Zinaandikiwa mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi. Sisi hapa Igembe pesa inafuata mvua.

Mvua ikinyesha, miraa inakuwa mob, kila mtu ana kangeta, bei inaanguka. Kiangazi kikikaza, majani yanapungua na bei inapanda. Mwenye maji ya kumwagilia ndiye anacheka. Ndio maana Agosti na Septemba, na tena Februari, kuna watu mtaani wanatembea wakijiamini. Angalia sasa: kiangazi kinakupa mkwanja, halafu mara tu baada yake msimu wa katikati unafungua mlango. Hizi kalenda mbili zinashikana vizuri kabisa. Shida ni kwamba pesa ya kiangazi huisha kabla hatujafikiria. Ikiingia Agosti, toa ya safari siku hiyo hiyo, iweke mahali huwezi kuigusa. Chama, Sacco, akaunti ya kufungiwa, chochote.

Ila usisahau biashara yetu hutetemeka. Juni 2014 Uingereza ilipiga miraa marufuku. Machi 2020 Somalia ikafunga mlango mpaka Julai 2022. Watu walikuwa na mipango na ikazimika kama mshumaa. Kwa hivyo usikope ya likizo ukitegemea mavuno ambayo hayajafika. Safiri na pesa iliyo mkononi.

Shule nayo: muhula wa tatu huanza mwishoni mwa Agosti na kuisha karibu mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba. Kama huna watoto wa shule, Septemba na Oktoba ni zako. Kama unao, lenga wiki mbili za kwanza baada ya kufunga. Watu wengi hungoja Desemba, wewe unakuwa umeshaenda na kurudi.

Angalia pia sikukuu. Tarehe 10 na 20 Oktoba ni siku za mapumziko, na zikigusana na wikendi Nairobi yote inashuka Pwani. Enda siku za katikati ya wiki. Jumatatu mpaka Alhamisi bei inaongea tofauti.

La mwisho kwenye kalenda ni mwezi wa Kiislamu. Kila mwaka unarudi nyuma kama siku 11. Ramadhani ikiangukia safari yako, hoteli nyingi za chakula Lamu zitafungwa mchana, na kula barabarani ni kukosea watu heshima. Lakini Maulidi ikiangukia hapo, mji wa Lamu unajaa wageni kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki. Ni mzuri sana kuona, ila chumba utafute mapema.

Kisiwa gani sasa?

Lamu ni kwa mtu anayetaka mji na bahari pamoja. Mji mkongwe uliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Vichochoro vyembamba, punda kila mahali, magari karibu hakuna. Kuna Ngome ya Lamu, kazi iliyomalizwa 1821. Kuna ufuo wa Shela, unatembea kama kilomita tatu kutoka mjini au unapanda boti. Ukitaka magofu, vuka uende Takwa kisiwani Manda. Ukitaka kuona majahazi yakiundwa, Matondoni.

Wasini ni kwa mtu wa maji. Uko Kwale, unavukia Shimoni. Ni kidogo, hauna magari, na karibu kuna hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti yenye matumbawe na pomboo. Kati ya Julai na Septemba hata nyangumi hupita upande huo. Hapa lakini upepo ni kila kitu: ukienda kusi ikiwa kali utaona povu tu. Machi, au Oktoba mwishoni ikielekea kaskazi, ndio poa.

Zanzibar ni tamu, lakini ni nchi nyingine. Kitambulisho pekee hakikutoshi: beba pasipoti au kibali cha muda cha kusafiria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tangu Oktoba 2024 wageni kutoka nje wanadaiwa bima ya lazima ya safari, kwa hivyo iweke kwenye hesabu kabla hujaenda.

Na hii sikiza vizuri kama wewe ni wa kwetu: Tanzania miraa ni haramu. Wanaiita mirungi na sheria inaiweka pamoja na dawa za kulevya. Ule mfuko mdogo wa giza umesahau chini ya begi unaweza kukupeleka jela miaka mingi. Kung'uta mabegi, kung'uta mifuko ya koti, kabla uvuke Lunga Lunga au upande ndege. Hakuna kujitetea eti "mimi ni wa Meru, hii ni kawaida".

Njia ya kufika

Kutoka Maua unashuka Meru, unaenda Nairobi. Hapo una njia mbili.

Ya kwanza ni SGR mpaka Mombasa. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na la kwanza ni 4,500 kwa safari moja. Nunua mwenyewe kwa *639# na usipitie kwa mse wa mkono wa pili anayesema ana tiketi zilizobaki. Kituo cha Mombasa kiko Miritini, nje ya tao, kwa hivyo panga usafiri wa kuingia mjini. Kisha basi la asubuhi kutoka Mombasa kupitia Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, halafu boti kuvuka Lamu.

Hiyo barabara ya Lamu tuongee ukweli. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, usalama wake umekuwa wa kuangaliwa, na mabasi yamekuwa yakisindikizwa na polisi sehemu fulani. Safiri mchana, uliza hali ikoje wiki unayosafiri, na sikiza matangazo ya serikali. Roho ikikataa, usiilazimishe. Enda Wasini.

Ya pili ni ndege kutoka Wilson, ule ule uwanja ambao miraa yetu imepanda ndege miaka yote kwenda Somalia. Unashuka Manda, unavuka kwa boti dakika chache. Ni ghali, lakini hapa ndipo msimu wa katikati unakusaidia: tiketi ukitafuta mapema na ukikubali kusafiri Jumanne au Jumatano, tofauti na ya Desemba utaiona mwenyewe.

Hesabu ya watu wawili

Safari ya pili na mathe tulitenga 60,000 kwa watu wawili, usiku nne Lamu. Tuligawa hivi:

Usafiri 18,000. SGR kwenda na kurudi watu wawili ilichukua 6,000, iliyobaki ikawa ya matatu, basi na boti. Usiku wa Mombasa tulilala kwa binamu anayeuza miraa huko. Kila familia ya Igembe iko na mmoja Pwani, mtafute.

Kulala 18,000, yaani 4,500 kwa usiku, chumba kimoja chenye vitanda viwili. Usikubali bei ya kwanza. Uliza hivi: "Nikikaa usiku nne, na si wikendi, mtaniwekea ngapi?" Msimu wa katikati mwenye nyumba ana vyumba vitupu, anakusikiza. Desemba hata hatashika simu.

Kula na kuzunguka 18,000. Kula penye wenyeji wanakula. Mahamri na mbaazi asubuhi, wali na samaki mchana, unashiba bila kulia. Boti elewaneni bei kabla mguu uingie ndani, na mseme wazi: ni ya boti nzima au ya kila mtu? Ni masaa mangapi? Chakula kimo?

Dharura 6,000. Hii usiiguse. Ilitusaidia kurudi Mokowe siku moja mapema mathe alipoanza kulalamika tumbo.

Usichomwe na matapeli

Msimu wa katikati una matapeli wake, kwa sababu kila mtu anatafuta bei ya chini. Picha nzuri, bei ya kushangaza, halafu "tuma yote sasa kuna mtu mwingine anaitaka". Hiyo haraka ndiyo dalili.

Kabla utume hata soo moja, fanya haya. Omba mtu akupigie simu ya video akiwa ndani ya hicho chumba. Uliza jina la mtaa na msikiti ulio karibu, kisha uulize mtu mwingine wa Lamu kama nyumba hiyo ipo. Angalia jina linalotokea kwenye M-Pesa kama ndilo ulilopewa. Tuma sehemu tu, iliyobaki ulipe ukifika. Na uliza lile swali ambalo mimi sikuuliza: "Tarehe hizi mtakuwa mmefungua? Kuna ukarabati wowote?" Jibu lije kwa maandishi.

Ukifika, jibebe vizuri

Lamu ni mji wa dini na heshima. Nguo za kuogelea ni za ufuoni, si za mjini. Funika mabega na magoti ukipita vichochoroni. Salimia watu, wazee hasa: "Shikamoo" inafungua milango ambayo pesa haifungui. Usimpige mtu picha kabla ya kumuomba.

Jifunze maji. Mara mbili kwa siku bahari inajaa na kupwa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu kuna bamvua, maji yanajaa sana na kutoka mbali sana. Boti ya Takwa, kwa mfano, inahitaji maji yaliyojaa kupita kwenye mikoko. Muulize nahodha saa ya maji leo kabla upange siku yako, usije ukabaki umekwama kwenye matope.

Malaria ipo Pwani na sisi wa milimani miili yetu haijaizoea. Lala ndani ya neti, na umuone daktari kabla ya safari, hasa kwa mtoto, mja mzito au mzee.

Na miraa? Lamu inauzwa, na mara nyingi anayekuuzia ni Mmeru mwenzako. Lakini si kila Mpwani anaifurahia. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilitangaza kupiga marufuku muguka ya majirani zetu wa Embu, na mahakama ikasimamisha. Hiyo hasira ina sababu zake kwa wazazi wa huko. Wewe ni mgeni. Usitafune mbele ya msikiti wala usitupe vijiti ufuoni.

Mara ya pili

Tulienda Oktoba, Jumatatu. Nyumba ilikuwa wazi, nilikuwa nimeuliza mara tatu mpaka mwenyewe akachoka na mimi. Upepo ulikuwa umetulia. Asubuhi ya pili tukachukua boti mpaka Shela kabla jua kuwa kali, na kulikuwa na watu labda sita ufuo mzima.

Mathe alivua viatu, akaviweka pamoja vizuri kama anaingia kanisani. Akatembea mpaka maji yakafika kwenye vifundo vya miguu, akasimama. Akachota kidogo kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Kumbe ni kweli ni chumvi," akasema. Akakaa hapo hapo kwenye mchanga, na kwa masaa mawili hakutaka kuondoka.

Kama kuna mtu nyumbani kwenu ambaye amesema yale maneno ya mathe wangu, usingoje Desemba na usidanganywe na bei ya Mei. Pesa ya kiangazi ikiingia, toa yake kwanza.